Nargis na Mizani ya Insafu

Filamu ya Mother India yafunguka kwa ajuza mmoja, mvi zimemtanda kichwa kizima na ngozi ya uso imekunjamana kama jani la mgomba lililopigwa na jua la kaskazi, ambaye ameketi katikati ya shamba lililolimwa, akainua bonge la udongo kwa mikono yake miwili na kulikurubisha na uso wake, mfano wa mtu anusaye nguo ya msafiri aliyekawia kurejea. Nyuma yake matrekta yapita yakivuma, na wanakijiji, waliokwisha kujenga mfereji wao mpya, wamemwendea kwa taadhima kumsihi awe yeye mwenye kuufungua, naye akataa. Na akataapo twaona katika macho yake kwamba maji yale, kabla hayajafika kwenye mimea, hayana budi kupitia kwanza katika kumbukumbu zake zote. Mwigizaji aliyeuvaa uzee ule, akauvaa kwa mabega, kwa vidole na kwa pumzi, alikuwa bado hajatimiza umri wa miaka 30. Wazazi wake walimwita Fatima Rashid. Ulimwengu ulimjua kwa jina la ua, Nargis.

Mengi yamesemwa juu ya uzuri wake na juu ya mapenzi yake, wala sioni ajabu, kwani vyote viwili vilikuwako na vilionekana. Lakini kila nizitazamapo filamu zake, nami nimezitazama tangu utoto wangu, hunidhihirikia jambo jingine nilionalo kubwa zaidi ya hayo: huyu alikuwa mwigizaji wa hukumu. Katika filamu zake zilizo bora hufika saa ambayo wanaume wote wamekwisha kusema yao, na mambo yamefungamana hata haujulikani uzi wa kuufumua, ndipo macho ya watu yanapomwelekea yeye, yakingoja aamue. Naye huamua, aghalabu pasipo kupaza sauti, na hukumu yake humgharimu yeye mwenyewe kuliko imgharimuvyo mtu mwingine yeyote.

Alizaliwa tarehe 1 Juni 1929. Baba yake, Uttamchand Mohanchand, alikuwa Mhindu wa ukoo wa Kibrahmani aliyesilimu na kuitwa Abdul Rashid. Mama yake alikuwa Jaddanbai, na hapana budi kumjua mama ili kumfahamu binti. Jaddanbai alitoka katika kundi la wanawake waimbaji wa India ya kaskazini ambao wenye mali waliwaendea kwa burudani, wakawaheshimu kwa elimu yao ya muziki na ushairi, kisha wasiwakubali kuwa wake za wana wao. Mwanamke huyu hakulia na nasaba yake. Alisoma uimbaji kwa maustadhi, na sinema ilipopata sauti akahamia huko na sanaa yake yote, akaigiza, akaunda kampuni yake ya filamu, na akatunga muziki katika zama ambazo wanawake wenye kazi hiyo nchini mwake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 1935, katika filamu ya Talash-e-Haq ambayo muziki wake aliutunga yeye, alimpandisha binti yake mdogo mbele ya kamera, na jina likaandikwa Baby Nargis.

Binti mwenyewe alitamani udaktari. Laiti ulimwengu ungalimwachia atamani kwa amani. Lakini mwongozaji Mehboob Khan, aliyekuwa akiijua nyumba ile, alimtaka kwa filamu yake ya Taqdeer, na mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 14 hivi, Nargis akatokea kama mwigizaji mkuu pamoja na Motilal, bwana aliyekwisha kuwa na jina kubwa. Hukumu ya kwanza ya maisha yake, basi, ilipitishwa na watu wazima, yeye akiwa msikilizaji. Nadhani hakuisahau.

Kuna kisa kimoja cha siku zile ambacho wapenzi wa filamu za Kihindi hawachoki kukisimulia, nami naona raha kukirudia kwa sababu kina harufu ya jikoni. Raj Kapoor, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa katika matayarisho ya filamu ya kwanza aliyoiongoza, Aag, alikwenda nyumbani kwao Bombay kumtafuta Jaddanbai kwa shauri la studio. Alibisha hodi, mama hakuwapo, aliyefungua mlango ni msichana aliyekuwa akikaanga bajia, mikono yote imeganda unga wa dengu. Msichana, akiona haya mbele ya mgeni, alipeleka mkono kuziondoa nywele zilizomwangukia usoni, na unga ukabakia kichwani. Basi. Kijana alirudi zake na picha ile moyoni, akaihifadhi zaidi ya robo karne, na mwaka 1973 alipotengeneza filamu ya Bobby akamwamuru binti mwingine, katika mlango mwingine, afanye vivyo hivyo.

Kutoka hapo walicheza pamoja filamu zipatazo 16. Barsaat ya mwaka 1949 iliwatia katika midomo ya watu wote, na sura moja ya filamu hiyo, ya mwanamume ashikaye fidla kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili amdakaye mwanamke aliyeegemea kama mwanzi uliopigwa na upepo, ikafanywa alama ya studio ya Raj Kapoor, R.K., ikakaa mlangoni pake miaka yote. Raj Kapoor alikuwa na mke na watoto, na Nargis aliijua haki ya mke yule. Nami sina la kuongeza katika jambo ambalo wenyewe walilibeba kwa staha. Ila nasema hivi: wale waandikao kwamba studio ile ilijengwa na mtu mmoja wameisahau sura iliyokuwa mlangoni, kwa maana ina watu wawili.

Mwaka uo huo wa 1949, Mehboob Khan alimwita tena kwa Andaz, akamweka baina ya Raj Kapoor na Dilip Kumar, na hapa ndipo nionapo mizani ile ya hukumu kwa mara ya kwanza. Nina, binti wa tajiri, acheka na mwanamume aliye rafiki yake kama watu wachekavyo na marafiki, na mwanamume auchukulia uchangamfu ule kuwa ni ahadi. Mwishowe, mume amekwisha kumshuku na rafiki amekwisha kupoteza akili, Nina amwua rafiki yule kwa bastola na kufikishwa mahakamani, akahukumiwa kifungo cha maisha. Filamu yenyewe yataka tuamini kwamba kosa lilikuwa la mwanamke kwa kufuata mwenendo wa kigeni. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo, na kinachonipa nguvu ya kuikataa ni uso wa Nargis mwenyewe, ambao katika mandhari za mwisho wakiri kwa ulimi yale ulioandikiwa, ilhali macho yamebakia wazi, makavu, yakimtazama kila mmoja wetu kana kwamba yatuuliza ni kicheko kipi kati ya vile kilikuwa dhambi.

Ikaja Awaara, mwaka 1951, kutoka kwenye kalamu ya K. A. Abbas. Jaji mmoja, aliyechezwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj, ashikilia kwamba mtoto wa mwizi ni mwizi na mtoto wa mwungwana ni mwungwana. Kwa shuku tupu amfukuza mke wake mjamzito, na mwanawe azaliwa na kulelewa katika vichochoro, akawa mwizi wa mfukoni. Rita, ambaye ni Nargis, yatima aliyelelewa na jaji yuyo huyo, asoma sheria, avaa joho, na siku ya kesi asimama kumtetea mshitakiwa na kumhoji mlezi wake kizimbani. Fikiria ni mwaka gani huo. Watazamaji wengi waliokuwamo kumbini walikuwa hawajapata kumwona wakili mwanamke maishani mwao, si India, wala pwani yetu.

Filamu ile ilivuka bahari kwa namna isiyowahi kuonekana. Katika Urusi ya Kisovieti, ilikoonyeshwa tangu mwaka 1954, iliuza tiketi zaidi ya milioni 60. Uturuki waliipenda, China waliipenda. Na Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, ambako filamu za Kihindi zilikuwa zikijaza majumba ya sinema wiki baada ya wiki, watu walirudi kuitazama mpaka wakajua kila ishara. Mama yangu mkubwa, Mola amrehemu, aliitazama Unguja katika maonyesho ya wanawake peke yao, yale ya mchana ambayo mabuibui yalimiminika madarajani na watoto wachanga mapajani. Naye hakuwa akijua Kihindi zaidi ya maneno machache ya dukani. Lakini alitusimulia kesi ile miaka mingi baadaye, uani, baada ya chakula cha usiku, pasipo kupunguza neno. Alikuwa akisimama, akaitupa kanga yake ya pili mabegani ili iwe joho, akamnyoshea kidole mjomba wetu aliyeketi kwenye kiti cha uvivu, maana alikuwapo daima na ndiye aliyekuwa jaji, akamwuliza: “Haya Bwana Jaji, nijibu mbele ya baraza hii, ni damu iliyomfanya huyu mwizi, au ni wewe?” Mjomba alikuwa akiinamisha kichwa kila mara, na kila mara tuliona kama kwamba ameona haya kweli. Sauti ile ya mama mkubwa, ambayo mchana haikusikika kupita ukuta wa jikoni, ilijifunza wapi kunyooka hivyo kama si kwa Nargis?

Nyimbo nazo hazikubaki ng'ambo. Sauti aliyoimbiwa Nargis kwenye filamu ilikuwa mara nyingi ya Lata Mangeshkar, na mahadhi ya namna ile yalipenya katika taarabu ya Mombasa, hata akatokea Juma Bhalo, bingwa asiyesahaulika, ambaye mashairi yake ya Kiswahili yaliimbwa kwa sauti za Kihindi, na watu wa makamo walisikiliza arusini huku nyuso za filamu zikiwapitia machoni.

Katika Shree 420, ya mwaka 1955, Nargis ni Vidya, mwalimu maskini avaaye sari nyepesi isiyo na nakshi. Wengi huikumbuka filamu hii kwa wimbo wa mwavuli mmoja chini ya mvua, watu wawili wakisukumiana mwavuli ule kila mmoja akitaka mwenziwe asilowe. Nami naupenda. Lakini aliye mwalimu hasa ni yule Vidya apelekwaye katika karamu ya matajiri, akaona mapenzi yake yamegeuka kuwa kijana mlaghai mwenye suti, akageuka na kuondoka zake kwa miguu. Na mwaka uliofuata, katika Jagte Raho, filamu yao ya mwisho pamoja, ambamo mkulima mwenye kiu apita usiku kucha katika jumba kubwa la mjini akitafuta tama la maji na kila mlango wamwita mwizi, ni Nargis, aonekanaye kwa dakika chache tu alfajiri, ambaye ateka maji na kumimina kwenye viganja vya yule mtu hata kiu ikakatika. Hakumwuliza jina. Hivyo ndivyo alivyoagana na Raj Kapoor mbele ya kamera.

Sasa nirejee kwa yule ajuza wa shambani, kwa kuwa huko ndiko kila kitu kilikokuwa kikielekea. Mehboob Khan alikwisha kukitoa kisa hiki mwaka 1940, kwa jina la Aurat, na mwigizaji wake mkuu, Sardar Akhtar, akawa mkewe. Lakini kilimkaa moyoni, akakitengeneza upya kwa rangi, na tarehe 25 Oktoba 1957 kikaonyeshwa kwa jina la Mother India. Radha, yule ajuza katika ujana wake, aolewa kijijini kwa arusi iliyogharimiwa na mkopo wa rupia 500 aliouchukua mama mkwe kwa Sukhilala, mla riba. Mama mkwe hajui kusoma. Baraza la wazee laamua kwamba yaliyoandikwa yameandikwa. Na robo tatu ya mavuno yaenda kwa mkopeshaji kila mwaka, deni lenyewe lisipungue hata senti. Mumewe Radha, akijaribu kulisafisha shamba la mawe ili wapate zaidi, apondwa mikono yote miwili na jabali, na baadaye, kwa aibu ya kuwa mzigo, aondoka usiku asirudi. Ndipo tuonapo ile sura iliyobandikwa kwenye kuta za miji mingi: mwanamke aliyejifunga plau mabegani mwake, na kuikokota mwenyewe mahali pa ng'ombe.

Mafuriko yaja, watoto wafa njaa. Radha, matope hadi kwenye nyusi, aenda nyumbani kwa Sukhilala, ambaye amekwisha kusema chakula chake kina bei gani. Hapo sinema zetu nyingi za leo zingalijaza ngoma na vilio. Nargis asimama tu. Atazama chakula, atazama sanamu ya mungu wao wa kike iliyo ukutani, na usoni pake twaona kitu kikivunjika na papo hapo kingine kikisimama mahali pake. Kisha ampiga yule mwanamume na kurudi matopeni, na wenzake wa kijiji watakapo kuhama awasihi wabaki, kwa maana ardhi haikufanya kosa.

Birju, mwanawe mdogo aliyebakia, akua na bangili za mama moyoni, zile za dhahabu zilizowekwa rehani kwa mla riba. Awa haramia, amwua Sukhilala, ayachoma madaftari ya deni, na hadi hapa hakuna aliyekaa kumbini asiyekuwa upande wake. Lakini amteka binti wa Sukhilala siku ya arusi yake, ili alipize aibu kwa aibu, naye Radha asimama njiani na bunduki. Kijana amwambia mama hawezi kumwua mwanawe. Mama amjibu kwamba yeye ni mwanamke, na heshima ya binti yule ni heshima ya kijiji kizima na ni yake pia. Afyatua. Bunduki yamdondoka, akimbia na kumpakata yule aliyemwua, naye Birju afungua kiganja chake, na ndani yake, zimetapakaa damu, zimo zile bangili. Nimesoma visa vingi vya mahakimu waadilifu, na wengi wao walihukumu wakiwa wamekaa kwenye kiti. Mfereji hatimaye wafunguliwa, na maji yaingia shambani mekundu.

Birju alikuwa Sunil Dutt, ambaye alizaliwa tarehe 6 Juni 1929, siku tano tu baada ya huyo aliyekuwa “mama” yake. Mwezi Machi 1957, katika kijiji kimoja cha Gujarat, walipokuwa wakichukua mandhari ya moto, upepo uligeuka na ndimi zikamzunguka Nargis katikati ya marundo ya nyasi kavu. Sunil Dutt aliingia ndani na kumtoa, akaungua usoni na kifuani. Homa ilimshika, na Nargis akamwuguza kwa siku nyingi. Walifunga ndoa tarehe 11 Machi 1958. Yeye Mwislamu, bwana Mhindu, miaka isiyozidi kumi na moja tangu nchi ilipogawanywa kwa dini na damu ikamwagika barabarani. Na bibi huyu, ambaye baba yake alivuka upande mmoja kwa ajili ya mama yake, akavuka upande wa pili kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mwaka uo huo alipokea tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Karlovy Vary, Chekoslovakia, na nishani ya Padma Shri ya serikali ya nchi yake; Mother India nayo ilifika katika orodha ya mwisho ya tuzo za Oscar kwa filamu za lugha za kigeni. Ndipo akaacha. Alikuwa na miaka 29, na wenziwe wa umri ule walikuwa wakiomba kazi. Alirejea mara moja kwa hakika, katika Raat Aur Din ya mwaka 1967, akicheza mke mtulivu wa mchana ambaye usiku huwa mtu mwingine asiyemjua, na kwa kazi ile akapewa tuzo ya kwanza ya taifa ya mwigizaji bora wa kike iliyopata kutolewa India. Miaka mingine aliitumia kusafiri na kundi la wasanii la mumewe hadi mipakani, kuwatumbuiza askari waliokaa kwenye baridi ya milima, na kuwasaidia watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao jumuiya yao mpya ilimpata yeye kuwa mlezi wake wa kwanza.

Mwaka 1980 aliteuliwa kuingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge, na huko alimlaumu Satyajit Ray, mwongozaji wa Pather Panchali, kwamba awaonyesha wageni umaskini wa India. Hapa simtetei. Yeye aliyekokota plau mbele ya macho ya ulimwengu alikuwa na haki kuliko watu wote kujua kwamba umaskini ukionyeshwa kwa heshima hauivunji heshima ya maskini. Nami nasikitika kwamba maneno yale yalitoka katika kinywa kile.

Maradhi ya saratani ya kongosho yalikuwa yamekwisha kumshika. Alipelekwa New York kutibiwa, akarejea akiwa na matumaini, kisha akazidiwa, akafariki Bombay tarehe 3 Mei 1981, hajatimiza miaka 52. Sunil Dutt alimzika kwa desturi za Kiislamu, katika makaburi ya Marine Lines, karibu na Jaddanbai.

Siku nne baadaye filamu ya kwanza ya mwana wao Sanjay, iitwayo Rocky, ilikuwa na onyesho lake la uzinduzi. Hawakuliahirisha. Wageni waliingia, wakaketi, taa zikapunguzwa. Na katika safu ya familia palikuwa na kiti kimoja kilichoachwa wazi, ambacho hakuna aliyekikalia mpaka filamu ilipokwisha.